Wamejenga Dar ya zamani, wenyewe wako nje

Huku Sinza baa si habari. Ukishuka Shekilango ukaingia ndani kwa miguu, kabla hujafika Kijiweni umeshapita za kitimoto, za mpira, za bendi, za wenye magari, na grosari zenye viti vinne na friji moja. Moja ikifungwa leo, kesho kutwa inafunguliwa nyingine. Lakini hii ninayotaka kuisema iko mkabala na duka langu la dawa, mama yangu amechemsha supu ndani yake tangu sijaanza darasa la kwanza, na tangu ilipofunguliwa upya mwezi wa kumi na mbili mtaa mzima hauna mazungumzo mengine. Mtu anakuja kununua dawa ya kikohozi, kabla hajatoa hela ananiuliza, "Dada, umeshaingia? Unaonaje?" Siku zote najibu kwa kifupi kwa sababu nyuma yake kuna wateja wanasubiri. Leo najibu kwa kirefu.

Kwanza niseme ilivyokuwa, maana wengi wanaokuja sasa hawakuiona. Ilikuwa baa ya uani. Geti la mabati, uwanja wa changarawe, mwarobaini mmoja mkubwa na miembe miwili, banda la makuti upande mmoja na kaunta yenye nondo upande wa pili. Viti vya plastiki, vyekundu na vyeupe, vyenye nembo za kampuni za bia mgongoni. Jiko la nyama kulia, jiko la supu kushoto. Mzee mwenye baa alipata kiwanja chake kwenye ule mradi wa viwanja vilivyopimwa wa miaka ya sabini, uliogharamiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ambao ndio uliozaa Sinza na Kijitonyama tunazozijua. Alijenga nyumba ya familia mbele, uani akaanza kuuza bia kreti mbili tatu. Mwanzoni mwa miaka ya themanini bia ilikuwa ya kutafuta, na mama anasimulia kwamba gari la bia likionekana linakata kona, habari ilifika Manzese kabla dereva hajazima injini.

Mama alipewa ile kona ya kushoto akaweka sufuria lake. Hakulipa kodi. Makubaliano yao yalikuwa kwamba mzee anywe supu bure kila asubuhi, na mama afagie uwanja kabla wateja hawajaanza kuingia. Supu ya makongoro, chapati, ndimu, pilipili ya kusaga. Walikuja madereva, mafundi gereji, walimu, askari waliotoka lindo, na watu wa Kanisa na wa Msikitini ambao bia hawakuwahi kuigusa. Saa tano asubuhi sufuria lilikuwa limeisha. Kwa supu ile tumesoma mimi na wadogo zangu, na ndiyo iliyonilipia masomo yaliyonipa duka nililonalo.

Sasa naomba nianze na viti, kwa sababu ndivyo vilivyotuumiza kwanza.

Ukifiwa mtaani kwetu, jambo la kwanza lilikuwa kumtuma kijana: "Kimbia kwa mzee kaombe viti." Havikulipiwa. Vijana walivibeba kichwani vikiwa vimepangwa kumi kumi, na siku ya tatu vikarudi vimeoshwa. Hata misiba ya Waislamu ilikaa kwenye viti vile. Akina mama walikuwa wanazungusha kanga mgongoni mwa kila kiti na kufunga fundo nyuma, nembo ya bia isionekane, halafu shehe anakaa, watu wanasoma dua, na hakuna aliyeona ajabu. Nimefunga mafundo hayo mwenyewe tangu nikiwa binti.

Mwezi wa kwanza tulipata msiba, jirani yetu wa nyumba ya kona. Kijana akatumwa kama kawaida. Akarudi mikono mitupu. Viti vya plastiki vilishauzwa. Vilivyopo sasa ni vya chuma na mbao, vizito, vingine vimepigiliwa sakafuni. Tukakodi viti mia moja kwa shilingi 500 kimoja, hela ambayo ilitoka kwenye rambirambi ya mjane. Shilingi 50,000 si hela ya kumwangusha mtu. Lakini kila aliyekuwa pale alijua imetoka wapi na kwa nini, na usiku ule chini ya turubai baa ilizungumzwa kuliko marehemu. Iliniuma sana.

Kuna la friji pia. Hili wengi hawalijui, mimi nalijua kwa kazi yangu. Mgao wa umeme ulipobana miaka ile na mimi sina jenereta, insulini za wagonjwa wangu zilikaa kwenye friji ya soda ya baa, ndani ya kopo la siagi lililoandikwa majina kwa kalamu ya wino mzito. Jenereta la mzee halikuzimwa usiku kwa sababu ya bia, na bibi wa watu akapona kwa sababu ya bia hiyo hiyo. Walevi wote waliingiza mikono mle kuchukua soda za watoto wao na hakuna aliyewahi kuligusa kopo. Sasa friji ni za vioo, zina kufuli, na kila kilichomo kimo kwenye orodha ya stoo. Nilipomuuliza mhudumu kama umeme ukikatika naweza kuweka kopo, aliniangalia kwa huruma akasema, "Dada, mimi hapa ni mgeni, wataniuliza hiki ni nini." Namwelewa kabisa. Analinda kazi yake.

Haya, na hii mpya ikoje?

Mzee miguu imekataa, amerudi kwao Rombo. Baa ameachiwa mwanawe, ambaye alikuwa mbali kwa miaka, kasomea mambo ya hoteli. Alizungusha mabati, akafunga kwa miezi, mafundi wakaingia na kutoka. Mabati yalipoondolewa tukakuta baa imekuwa launji, na ndani ya launji wamejenga Dar es Salaam ya miaka ya sabini. Mlango wa mbao nzito wenye nakshi. Sakafu ya vigae. Ukutani redio za mbao zimepangwa safu kwa safu, baiskeli ya Phoenix imening'inizwa juu na dinamo yake, karabai zimegeuzwa taa za umeme, santuri zimebandikwa kuanzia chini hadi juu. Kona ya jiko la supu wameweka sura ya mbele ya basi, mfano wa yale Ikarus ya UDA, shirika la mabasi ya jiji, na wateja wanapanda kupiga picha wakiwa wameshika usukani. Wahudumu wamevaa mashati ya kitenge yenye kola ndefu. Vinywaji vya kuchanganya vina majina ya mitaa, Gerezani, Kisutu, Ilala Boma, na cha bei ya chini ni shilingi 15,000. Miembe imekatwa. Mwarobaini upo, na kwa hilo namshukuru.

Nitasema haki: pamependeza. Aliyepanga ana jicho. Siku ya kwanza nilipoingia, muziki wa dansi ukitoka kwenye spika nzuri, magitaa yote yanasikika moja moja, nilisimama mlangoni nywele zikanisimama. Choo ni kisafi, kina maji na kitasa. Kwa mwanamke hilo si dogo. Jirani yangu mmoja, mama wa watoto watatu, aliniambia katika miaka yote aliyoishi mtaani hakuwahi kukaa kwenye baa ile hata kunywa soda, kwa sababu ya kushikwa mkono na walevi njiani kwenda chooni. Sasa Ijumaa anakwenda na mashoga zake, wanakunywa juisi, wanarudi salama. Sitaki mtu asome hapa akadhani nalilia mikono ile. Vijana wa bodaboda nao wamefurahi: wateja wa usiku wametoka Mikocheni na Mbezi, hawabishani bei. Na mwenye nyumba jirani amefurahi mno, amepandisha kodi ya fremu zake, mshona nguo amehama.

Wasiofurahi ni wale ambao Dar ya miaka ya sabini ilikuwa ni yao.

Bia aina ya Safari iliyokuwa 2,000 sasa ni 5,000. Peke yake hiyo ingetosha. Lakini wazee hawakuanza kulalamika kwa bei, walianza kwa kizibo. Huku kwetu bia inafunguliwa mbele yako. Mhudumu anakuja na chupa, unaigusa kuona kama ni ya baridi, unatikisa kichwa, anafungua, anakirudisha kizibo juu ya mdomo wa chupa, nzi asiingie. Chupa tupu zinabaki mezani au chini ya kiti, na wakati wa hesabu mnahesabu wote. Vizibo vinakusanywa kwa ajili ya drafti: vya mgongo juu vyako, vya tumbo juu vyangu. Sasa bia inamiminwa kaunta, inaletwa kwenye glasi ndefu juu ya kipande cha ngozi. Mzee mmoja, fundi seremala, aliirudisha. Akamwambia binti kwa upole, "Mwanangu, sijakataa bia yako, ila sikuona ilikotoka." Binti akaenda kumwita meneja. Meneja akaeleza kwamba huo ndio utaratibu. Mzee akalipa 5,000, akaiacha glasi imejaa, akaondoka. Hajarudi. Ubao wa drafti sasa uko grosari ya karibu na gereji, chini ya bati, na wazee wako huko.

La picha ndilo lililonifanya niende kuonana na mwenye baa.

Ukutani, juu ya meza kubwa kuliko zote, kuna picha ya nyeusi na nyeupe iliyokuzwa kama mlango. Bendi, wanaume kumi na kitu wamevaa mashati ya kufanana, tarumbeta na saksafoni mbele, magitaa nyuma, wamesimama kwenye uwanja wa saruji. Chini imeandikwa: "Bendi ya mtaani, Kariakoo, 1975." Mzee mmoja jirani yangu, mteja wangu wa dawa za presha, alikuwa mfumaji kiwanda cha Urafiki pale Ubungo, kile kilichojengwa na Wachina kikafunguliwa 1968. Alisikia kuna picha, akaniomba nimsindikize akaione. Alivaa suruali ya kupigwa pasi na kofia.

Kijana wa mlangoni alimwamkia vizuri. "Shikamoo mzee." "Marahaba." "Mzee, mmeweka nafasi?" Mzee hakuelewa swali. Mimi nikasema tunakuja kutazama picha tu, tutakunywa soda. Kijana akasema meza ile ni ya watu watakaokuja saa moja. Ilikuwa saa kumi na moja, baa haina watu. Akaturuhusu tusimame.

Mzee akasogea hadi pua ikakaribia kugusa kioo. Akakaa kimya kwa muda, halafu akaanza kuonyesha kwa kidole. Huyu alikuwa idara ya rangi. Huyu alikuwa anakaa Mburahati. Huyu alioa kwa jirani zetu. Huu ukuta nyuma ni wa kiwanda, na hapa wamesimama karibu na kantini. "Hii si ya Kariakoo. Hii ni Urafiki Jazz. Ni sisi hawa."

Kwa vijana: bendi nyingi za wakati ule hazikuwa za mtaani kwa maana ya kujiokotea. Chama cha wafanyakazi kilikuwa na NUTA Jazz tangu 1964, ndiyo Msondo mnayoisikia hadi leo. Polisi walikuwa na bendi yao, Magereza yao, Jeshi yake, Umoja wa Vijana yake, Shirika la Bima yake. Mlimani Park, wana Sikinde, walianza 1978 chini ya shirika la usafiri na teksi kabla ya kuchukuliwa na DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam. Na kiwanda cha nguo cha Urafiki kilikuwa na Urafiki Jazz, wana Chakachua, chini ya Juma Mrisho ambaye watu walimwita Ngulimba wa Ngulimba. Wanamuziki walikuwa waajiriwa, wana mshahara kiwandani. Radio Tanzania iliwarekodi na kuwarusha nchi nzima, lakini mahali pa kuwaona kwa macho palikuwa baa na kumbi: wikiendi, kwa kiingilio, na wafumaji na wapaka rangi wakicheza muziki wa wafanyakazi wenzao. Mtaa wetu ulijaa watu wa Urafiki kwa sababu ni hatua chache tu kutoka kiwandani. Waliotoka zamu ya mchana ndio waliokuwa wateja wa kwanza kabisa wa mzee mwenye baa. Na kituo chetu cha daladala mpaka kesho kinaitwa kwa Remmy, kwa ajili ya mwanamuziki Remmy Ongala aliyekuwa anakaa pale, aliyefariki Desemba 2010. Muziki huu huku hatukuusoma.

Kwa hiyo mtu anapojenga Dar ya zamani katikati ya Sinza, ukutani ana picha ya watu wa kiwanda cha jirani, chini kaandika kwamba ni wa Kariakoo, na mfumaji wa kiwanda hicho amesimama mbele yake anaambiwa meza ina wenyewe, hapo kitu kimekwenda vibaya, na mimi siwezi kunyamaza eti kwa sababu taa zinapendeza. Hata muziki wenyewe: ikifika saa tatu usiku wanabadilisha, wanapiga soul ya Marekani wakiita Dar ya sabini. Wazee wa grosari waliposikia walikumbushana kwamba soul ilipigwa marufuku Dar mwaka 1969. Wapo waliokuwa wakiicheza kwa siri, nao wana hadithi zao, na wangezisimulia bure kwa yeyote ambaye angewauliza.

Nilimfuata mwenye baa Jumatatu asubuhi, wakati hakuna wateja. Tumekua pamoja; aliponiona alisimama, "Shikamoo dada." Nikamwambia, mdogo wangu, nimekuja kusema na wewe kabla sijasema na watu.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaingia ofisini akatoka na daftari la madeni la baba yake. Nalijua daftari lile, la jalada gumu, kona zimeliwa na mende. Akafungua mbele yangu kurasa kwa kurasa. Majina, tarehe, "bia 4", "bia 6 na nyama nusu", "atalipa mwisho wa mwezi". "Dada, humu kuna watu tumewazika," akasema. Akajumlisha kwa simu ukurasa mmoja tu, nikaona jumla, nikanyamaza. Akasema faida ya kreti moja kwa bei ya mtaani haitoshi kulipa umeme, leseni ya manispaa, mashine ya risiti na mishahara. Kwamba baba yake alikuwa akiingiza pensheni yake kwenye baa miaka ya mwisho bila kumwambia mtu. Kwamba viroba, ile pombe kali ya vipakiti, vilipopigwa marufuku Machi 2017, nusu ya wateja wa jioni walipotea na hawakurudi. Kwamba ana mkopo. Na kwamba hizo redio za mbao amezitafuta moja moja Gerezani na Kariakoo kwa sababu alipokuwa mtoto alikuwa analazwa nyuma ya kaunta kwenye magunia, na alilala kwa muziki ule. Alipofika hapo sauti ilimkwama.

Ninamwamini. Na hayo aliyoyasema mtaa unapaswa kuyajua, hasa wale walio kwenye daftari na bado wako hai. Tulikuwa tunaipenda baa ile na hatukuwa tunailipa. Mzee alibeba mtaa mgongoni, na sisi tulidhani ndivyo baa zilivyo.

Lakini nilimwambia pia kwamba yeye anauza kumbukumbu za watu waliokaa nje ya mlango wake. Hao vijana wa Mbezi wanalipa 15,000 kwa ajili ya kitu ambacho wazee wale wanacho kichwani, na siku wazee wakiisha atabaki na redio. Nikamwambia asiseme hawana hela ndiyo maana hawaji. Wangekuja. Mzee wa presha alivaa kofia.

Tulikubaliana haya. Maandishi chini ya picha yatabadilishwa, na majina yataandikwa kadiri yatakavyopatikana. Jumapili kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na mbili jioni, kabla wageni hawajaanza kuja, bia itauzwa kwa bei ya grosari, itafunguliwa mezani, na kizibo juu. Ubao wa drafti utakuwa na meza yake chini ya mwarobaini. Nimeshawaambia wazee, wawili wamesema watakuja, seremala amesema atafikiri. Nusu saa kabla ya kufunga, muziki utashushwa, maana kuna watoto wachanga nyumba ya nyuma na jambo hili lingefika NEMC, baraza la mazingira, muda si mrefu.

Viti hatujakubaliana. Nimemwomba anunue viti 50 vya plastiki visivyo na nembo yoyote, vikae stoo kwa ajili ya misiba tu. Amesema atafikiria akimaliza rejesho la mwezi wa sita. Nitamkumbusha mwezi wa sita.

Supu ndiyo imekwama kabisa. Yeye anataka mama arudi, asubuhi saa kumi na mbili hadi saa tano, na hilo peke yake lilimfanya mama acheke siku nzima. Lakini anataka iandikwe kwenye menyu "Supu ya Bibi" kwa shilingi 8,000, itoke kwenye bakuli la udongo. Mama anasema supu ni 2,500 na chapati 500, bakuli ni la bati, na sufuria ni lake, halikai jikoni kwao. Kila mmoja amenituma kwa mwenzake mara kadhaa. Nimewaambia wakae wenyewe, wanajuana kuliko mimi ninavyowajua.

Sasa ombi langu kwenu mnaosoma. Kama wewe, au baba, au babu yako, alifanya kazi Urafiki miaka ile, au mna picha ya bendi, ya kantini, ya zamu, hata ya harusi ambayo bendi ilipiga, niletee dukani mchana kabla ya saa kumi. Nitaipiga kwa simu mbele yako na utaondoka na picha yako mkononi, haibaki hata dakika. Nyuma andika kwa penseli majina ya waliomo kuanzia kushoto, na idara ya kila mmoja kama unaikumbuka. Katika ile picha kubwa mzee ametaja tisa. Anayetafutwa zaidi ni yule wa gitaa la besi, aliyesimama pembeni kulia, ameshika kofia mkononi.